Vaa Kofia Ukifika kwa Tantine

Kamina, tarehe 3 Juni 2024

Kyungu na Kabange wangu,

Najua wewe Kabange ndiye unayesoma, lakini tangu niwazae sijawahi kuita pacha mmoja nikamwacha mwenzake, na sitaanza uzeeni. Hujambo huko ziwani? Samaki wanapatikana? Mchumba wako Laetitia na wazazi wake ni wazima? Mimi nipo. Goti ndilo lile lile, na masikio yamefunga kabisa, ndiyo maana simu nimempa jirani. Watu wakinipigia nasikia nyuki tu. Tuandikiane kama zamani, Nahum wa treni atatubebea.

Mwanangu, nataka uende Lubumbashi kwa ndugu yako. Usipite Kamina kwanza. Kutoka Kinkondja panda mtumbwi mpaka Bukama. Hapo Nahum atakupa kifurushi changu: mashati mawili ya kitambaa kimoja, nimeyashona mwenyewe. Kisha panda treni, nenda moja kwa moja.

Mji ule huujui. Mimi niliishi mle ujana wangu wote, mke wa mtu wa reli, basi nisikilize. Pale gare, stesheni ya treni, usimpe mtu mzigo wako, hata akikuita shemeji. Pesa usiziweke mfuko mmoja. Beba koti, mwezi huu baridi ya Lubumbashi inauma mpaka meno. Usitembee ukitazama magorofa mdomo wazi, watajua umetoka mbali. Sokoni ukitajiwa bei, cheka kwanza, ndipo utaje yako. Ukipotea, tafuta lile bomba refu la moshi la kiwanda na mlima mweusi ulio kando yake. Ukiviona hivyo hutapotea tena.

Siku ya kwanza usiende kwa mtu. Lala kwa mke wa Nahum, upumzike. Kesho yake nenda misa. Ukitoka misa, kula kwa Mputu karibu na kambi ya reli: ugali wa bukari, mboga ya lengalenga, na kipande cha chikanda. Usifike kwa Tantine Émerence na njaa. Yeye, dada wa marehemu baba yenu, ndiye atakayekupeleka alipo ndugu yako. Nenda na Nahum, usiende peke yako. Na ukiingia avenue, mtaa wa Tantine, vaa kofia, uishushe mpaka kwenye nyusi. Jua la kule ni kali.

Mungu akutangulie.

Mama yenu,
Ndaya


Bukama, tarehe 12 Juni 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo na salamu nyingi. Mimi ni mzima, mgongo tu umechoka na mtumbwi. Pole na goti, pole na masikio.

Kifurushi nimekipata. Shati langu limenikaa kama ulinipima jana. La Kyungu nimelikunja vile vile, sitaki lipate vumbi kabla yeye mwenyewe hajalichafua.

Ila Mama, hapa Bukama mimi na wewe tumetenganishwa na treni moja tu. Kwa nini nisije kwanza nile sombe yako, ndipo niende? Na hiyo kofia! Unaniambia nibebe koti kwa sababu ya baridi, kisha nivae kofia kwa sababu ya jua kali. Lubumbashi ina mbingu ngapi?

Basi, nitafanya unavyotaka. Nina haraka kumwona huyo mkubwa wangu. Tangu Pasaka sijasikia neno lake, lakini lawama ni yangu, simu yangu ilizama ziwani Kisale. Nataka nirudi naye Kinkondja. Baba ya Laetitia amekubali kunipokea, nami nimemwambia: sisi tulizaliwa wawili, Kyungu alitangulia, siwezi kusimama mbele ya wakwe kabla yake. Mzee alicheka, akasema atangoja.

Mtoto wako,
Kabange


Lubumbashi, tarehe 19 Juni 2024

Mama mpenzi,

Hujambo? Mimi nimefika salama, na mzigo wangu pia, ingawa pale gare wameniita shemeji watu wanne.

Mama, Lubumbashi yako imehama. Bar uliyokuwa ukituhadithia, ile ambayo Baba alikuwa akicheza siku ya mshahara, sasa ni kanisa, na wanapiga ngoma kuliko bar. Mputu amezeeka, anakaa tu mlangoni akitoa amri, anayepika ni binti yake Éliane. Chikanda peke yake ndiyo haijabadilika. Nilikula vipande viwili, cha pili kwa niaba ya Kyungu. Misa nimekwenda, usiulize. Bomba refu nimeliona. Baridi nayo, ulisema kweli.

Jambo moja. Mke wa Nahum ananitazama sana. Jana alipokuwa akinipa chai nikaona macho yake yana machozi. Akasema ni moshi, na alikuwa anapikia umeme. Nadhani ana shida na mume wake, sikuuliza.

Treni ya Nahum imekwama njiani na hakuna anayejua itafika lini. Siwezi kukaa kumngoja mtu wakati ndugu yangu yuko mji huu huu. Kesho naenda kwa Tantine peke yangu. Nitavaa shati langu, lake nitalishika kwapani. Kofia pia nitavaa, usinune.

Mtoto wako,
Kabange


Lubumbashi, tarehe 27 Juni 2024

Mama,

Leo sikuulizi hali.

Kofia nilivaa. Niliishusha mpaka kwenye nyusi kama ulivyosema. Lakini pale kwenye bomba la maji, mwanzo wa avenue, alikuwepo bibi mmoja na beseni la maji kichwani. Wewe ndiye uliyetufundisha, mimi na Kyungu, kwamba mwanaume hamsalimu mzee na kofia kichwani. Nikaivua.

Beseni likaanguka. Bibi akashika kifua. «Kyungu!» akasema. «Kyungu, weye si tulikuzikaka?»

Hivyo ndivyo nilivyopata habari, Mama. Njiani, miguu imelowa maji, watoto wanakimbia kama wameona mzimu. Na mzimu ni mimi.

Tantine akatoka mbio bila viatu. «Kuya ndani, mutoto yangu. Ikala. Kula kwanza.» Kula! Akanieleza yote huku ameshika mikono yangu yote miwili, sijui aliogopa nitampiga au nitakimbia. Homa. Kyungu alianza kuumwa kichwa kwenye kazi yake ya kutengeneza pikipiki, akasema ni uchovu. Wiki ile ile wakamzika. Mwezi wa tano, Mama. Na Nahum alikuletea habari mwezi ule ule.

Nimeisoma tena barua yako. Hakuna uongo ndani yake hata mmoja. «Atakupeleka alipo ndugu yako.» Ni kweli, alinipeleka. Udongo bado mwekundu, msalaba ni wa mbao. Nilisimama pale na shati lake kwapani. Ulimshonea shati ukijua amekufa. Mimi nilipoyaona mawili, moyo wangu haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Nani anamshonea maiti shati la kusafiria?

Mashati yote nimeyaacha kwa Tantine. Usiniandikie.

Kabange


Kamina, tarehe 6 Julai 2024

Kyungu na Kabange wangu,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Hali yako siulizi, naijua. Yangu pia unaijua.

Nahum alipokuja kuniambia, nilikuwa napepeta unga. Ndugu yako alikwisha zikwa. Nililia mpaka majirani wakajaa uani. Wazee wa kwetu wakasema pacha haambiwi msiba wa mwenzake kwa barua, wala akiwa peke yake. Anaambiwa karibu na kaburi, ameshiba, ameshikwa mikono. Lakini sitaki kujificha nyuma ya wazee. Niliyekuogopea ni mimi.

Uko ziwani, unalala peke yako, mtumbwi uko mlangoni. Watu husema pacha humfuata mwenzake. Ningekuandikia neno lile Kinkondja, ungeingia majini na barua mkononi. Na ungepita Kamina, uso wangu ungekuambia kabla ya mdomo. Ndiyo maana nikakuelekeza mji mzima, hatua kwa hatua, ili ufike ukiwa na nguvu, na watu wakuzunguke. Kofia nilifikiria kwa sababu avenue nzima walimzika, nawe una sura yake. Nilifikiria kila kitu, mwanangu. Nilisahau tu kwamba niliwafundisha adabu.

Kuhusu shati, nitakuambia lilivyokuwa. Nilikwenda sokoni nimeamua kununua kitambaa cha mtu mmoja. Muuzaji akaniuliza kwa kelele sikioni, «Ni ya bantu bangapi, mama?» Mdomo wangu ukajibu wenyewe, «Ya bantu babili, kama siku zote.» Akapima, akakata. Nikabeba nyumbani nikilia njia nzima, nikashona yote mawili. Sikutaka kukudanganya. Sikuweza kusema mmoja.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini uishi.

Mama yenu,
Ndaya


Kamina, tarehe 19 Agosti 2024

Kyungu na Kabange wangu,

Salamu, popote ulipo. Nahum anasema barua yangu alikupa mkononi pale Bukama, ukaitia mfukoni bila kuifungua, ukateremka mtoni. Tangu hapo hakuna aliyekuona. Nikisikia treni imeingia, yaani nikiona watu wanakimbilia gare, nami nakwenda na fimbo yangu. Nahum siku hizi ananitikisia kichwa akiwa bado mbali, ili nisijichoshe bure.

Sikuombi maneno. Nitumie hata karatasi tupu. Nitumie samaki, nione namna ulivyomfunga, nitaujua mkono wako.

Nakuogopea, mtoto wangu.

Mama yenu,
Ndaya


Kinkondja, tarehe 22 Septemba 2024

Mama,

Hujambo? Goti je? Mimi ni mzima. Hasira bado ninayo, nakuambia wazi, usije ukafikiri imekwisha.

Ulikuwa na haki kuogopa. Jioni niliyofika hapa nilichukua mtumbwi, nikapiga kasia mpaka nikapita nyavu za watu wote, nikapita mafunjo, mahali ambapo huoni tena moshi wa kijiji. Nikaweka kasia chini. Sitakueleza nilichokuwa nakiwaza, umekwisha kijua. Nilikaa sana.

Kisha nikakumbuka barua yako mfukoni. Nikaifungua ili niitupe majini, nikaisoma. Nilipofika kwa yule muuzaji wa vitambaa, nikawaza: nikimfuata Kyungu, siku moja Mama atapita tena sokoni, mtu yule atamuuliza ni ya watu wangapi. Atajibu nini? Nikakuona hapo, Mama, umesimama mbele ya meza yake bila jibu. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu Lubumbashi. Nikaokota kasia.

Mashati nilikwisha yarudia kwa Tantine kabla sijaondoka. Laetitia ameyafua, ameyaanika kwenye kamba moja. Navaa moja, kesho navaa jingine, mimi mwenyewe sijui tena lipi ni langu. Nimemwambia baba yake kwamba mkubwa wangu hatakuja. Alinishika bega tukakaa. Harusi itakuwa baada ya Noeli, na wewe ndiwe utakayesimama mbele yangu.

Nakutumia samaki kwa mkono wa Nahum. Nimefunga kama kawaida yetu.

Nitahitaji shati jipya. Nenda kwa muuzaji wako, na akikuuliza ni ya watu wangapi, mjibu kama siku zote.

Mtoto wako,
Kabange