Mkasi wa Kicheko

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wajue amelala. Mimi sijambo, na leo nasema sijambo kwa maana yake kamili. Utajua kwa nini ukifika chini. Usirukie mwisho, nakujua.

Yule Kicheko niliyekusimulia, ambaye cherehani yake iko jirani na yangu, mwezi uliopita alinipa mkasi wake. Wewe hushoni, kwa hiyo nikueleze. Fundi atakuazima uzi, sindano, hata mwavuli, lakini mkasi wake wa kitambaa hamwazimi mtu. Wa Kicheko una utepe mwekundu kwenye mpini, na mteja mmoja aliyethubutu kuukatia karatasi alinuniwa wiki nzima. Sasa anauweka mezani kwangu, anasema niutumie tu, yeye hauhitaji tena.

Karakana nzima ilishangilia. Mzee Chaki, mkata vitambaa wetu, aliamua kwamba Kicheko amepata kazi kwingine na anatuficha, basi tukamnunulia keki ya kumuaga. Kicheko akaikata, akacheka kama kawaida yake, akatushukuru mmoja mmoja kwa yote tuliyomtendea. Mimi kipande changu nilikiacha mezani.

Nikamvuta Mzee Chaki pembeni, nikamwambia naogopa Kicheko anataka kujiua. Alinishangaa. Alisema anayecheka vile hawezi kuwa na sonona, sonona ni ya watu wasio na kazi. Tena nisithubutu kumuuliza, maana kumuuliza mtu jambo hilo ni kumtia wazo kichwani. Si mtu mbaya, dada. Ndiye aliyenifundisha kukata kola. Lakini siku ile alikosea, na alikosea kwa sauti ya mtu anayejua.

Jioni nilimsindikiza Kicheko kwake. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa mafungu mafungu kitandani, kila fungu na kikaratasi cha jina la wa kupewa. Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Hakukasirika wala hakushtuka. Alikaa chini, akasema ndiyo, na kwamba tangu mvua zianze alikuwa akingoja mtu amuulize. Kile kicheko, alisema, kilikuwa kazi ngumu kuliko kushona suti.

Sikuondoka. Asubuhi tukaenda pamoja hospitali, yeye akiogopa ataitwa kichaa. Daktari alimwambia sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine na unatibika, akampa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Anaendelea, polepole. Kuna siku anakuja kazini amenuna, nasi tunamwacha anune. Mzee Chaki alimwomba radhi, na sasa kila asubuhi anamuuliza amelalaje, mpaka Kicheko analalamika.

Utauliza mimi nilijuaje.

Dada, unakumbuka mwaka juzi nilipokutumia cherehani yangu, nikasema ni zawadi? Uliipakia kwenye gari ukairudisha mwenyewe, ukinigombeza tangu mlangoni kwamba hujui kushona hata kifungo, cherehani ya nini. Ukakaa siku tisa. Ukanipikia, ukaninyang'anya blanketi, ukanicheka nywele. Hukujua. Sikuwa na mpango wa kuuona mwezi uliofuata. Ile homa uliyonisukuma niende kutibiwa haikuwa homa, na daktari aligundua mapema kuliko mimi nilivyotaka. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu, na niliogopa utaanza kunishika kama chombo chenye ufa. Sasa lia ukitaka, lakini uendelee kunigombeza vilevile. Nakupenda, na nipo kwa sababu yako.

Jana Kicheko alisimama mbele ya meza yangu, akanyoosha mkono, akadai mkasi wake. Tena akalalamika kwamba nimeufanya butu. Nilifurahi mpaka nikakosea mshono.

Msalimie shemeji, na watoto uwaambie shangazi yao mdogo, yaani mama yao mdogo kama wanavyopenda kunisahihisha, anakuja mwezi ujao. Kwako wewe nina ombi moja tu. Siku nikikuletea kitu changu ninachokipenda, na hukukiomba, usinishukuru. Niulize.

Ni mimi mdogo wako,
Kidoti