Tangu Mama Akatae Watu Wakae

Baba,

Hapa mtaani Mbotela mambo yameharibika tangu tukuzike. Mama hataki mtu akae kitako. Mgeni akibisha hodi, badala ya kukaribishwa kiti anaambiwa, "Simama hapo hapo, ongea." Wiki jana pasta alikunywa chai yake wima, kikombe mkononi, Biblia kwapani. Nilitaka kucheka, nikaangua kilio.

Ni maneno ya daktari. Alisema mishipa yako ya damu ilikuwa imekakamaa na kuziba. Mama akamuuliza, mtu asiyekunywa, asiyevuta, hajawahi hata kulazwa? Daktari akasema hata mwenye afya, akikaa kutwa miaka nenda miaka rudi, damu inapita polepole miguuni na mishipa inazeeka kabla ya wakati. Huenda ndiyo sababu, alisema. Mama hakuisikia ile huenda.

Sasa mimi sielewi, Baba. Ulipokuwa ukitembea relini na nyundo begani, sisi tulikuombea kazi ya kiti. Ulipoipata, kule ofisi ya tikiti, Mama alichinja jogoo. Ukirudi jioni tulikuvua viatu, tukakuletea maji ya kunawa hapo hapo ulipo, usiinuke hata kidogo. "Mzee amechoka," Mama alisema. Umechoshwa na nini, na ulikuwa umekaa? Hakuna aliyeuliza. Yaani mapenzi yetu ndiyo yaliyokuwa yanakumaliza? Au siku zako zilikuwa zimefika tu? Asubuhi naamini hili, jioni naamini lile.

Nimepata kazi ya kupiga taipu, mjini. Ile uliyonisomeshea. Mama amekataa katakata: "Nimezika mmoja wa kiti, inatosha!" Nilikasirika, Baba, nikamjibu vibaya.

Lakini jana nilitoka sokoni nikamkuta kwenye kiti chako, peke yake, amejifunika leso usoni. Kusikia mlango, akaruka. Nikamshika mkono. "Kaa, Mama. Kaa tu kidogo." Akakaa. Tulilia mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Basi nenda. Lakini kwa miguu."

Jumatatu naanza. Nitaifuata Jogoo Road hadi mjini kwa miguu, kwenda na kurudi, na kila nikimaliza ukurasa nitainuka, wacha wanicheke.

Kwaheri, Baba. Wewe sasa pumzika. Kutembea niachie mimi.

Binti yako