Abee ya Kule Milimani

Zuhura mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifika huku Doha, marahaba. Joto halina adabu, ila shangazi yako kapata kazi hotelini.

Unauliza kwa nini, yule madamu niliyemfanyia kazi aliponipeleka Japani nimlelee wanawe, nilimwomba tubaki karibu na bustani ya mabembea kule milimani, badala ya kuhamia mjini.

Siku ya kwanza, mtoto mmoja juu ya bembea aliita, "Baba! Baba!" Nikamtafuta babake kwa macho. Aliyempungia mkono ni bibi kizee, anacheka. Kumbe watoto wa kule humwita bibi "baba."

Wewe ulikuwa Lushoto, ndiyo kwanza unajifunza kusema, hukuwa umewahi kuniita bibi. Basi tukabaki. Kila mtoto alipoita, niliitika moyoni, "Abee, mjukuu wangu."

Bibi yako,
Mwanahawa