Jambo la Tatu kwenye Fomu

Shoga, nimejifungia chooni kazini, nalia kama mtoto.

Unaujua ule utafiti wetu wa kumbukumbu? Mtu anaandika mambo manne ya utotoni, halafu ndugu yake anatuambia lipi si kweli. Leo tulikuwa tunaijaribu fomu, nikajitia kimbelembele, nikaijaza mimi. Nikampigia dada, nikamsomea.

La tatu: mama ananisuka mlangoni, ananipulizia shingo nisisikie maumivu.

Dada akanikatiza: "Hilo si kweli, mdogo wangu."

Si kweli! Nikamwambia, dada, mbona hadi gauni lake la kijani naliona?

"Mama alifariki hujatimiza hata mwaka. Hukuwa na nywele za kusuka."

Hukuwa na nywele, shoga! Nilijua alifariki nikiwa mdogo, ila mdogo kiasi gani sikuwahi kuuliza. Na ndilo pekee nililokuwa nalo la mama. Pekee.

Nikamuuliza, sasa aliyekuwa ananipulizia shingo ni nani?

"Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Ukimlilia, navaa gauni lake, linaburuta chini, ndiyo unanyamaza."