Shemeji Chacha, Nimempata Boke

Shemeji Chacha,

Ni mimi Owuor, mume wa dada yako, yule Mjaluo ulisema hawezi kufika Oyugis bila kupotea. Nimefika Homa Bay na nimerudi, tena mara mbili. Mdomo ni wangu, mkono unaoandika ni wa dada yako Robi, kwa sababu mimi kalamu sikufundishwa, yeye alifundishwa na watu wa Sabato. Nikitukana mtu anaruka hapo. Kwa hivyo ukiona barua ni fupi, ujue nilitukana sana.

Tangu tukuzike mvua imekuwa nzuri. Ng'ombe wako mweusi amezaa. Yule jirani yako wa Migori aliyekuwa anakusema vibaya, sasa analia kanisani ati mlikuwa marafiki wakubwa. Mimi namwangalia tu. Machozi hayalipiwi kodi.

Sasa ile kazi ulinipa. Sauti yako ilikuwa imekwisha, ukanishika mkono ukasema, "Nitafutie nyanya amelala wapi, uniletee udongo wa kaburi lake." Nyanya Boke, mama ya baba yenu, aliyefanywa mtumwa baba yenu akiwa bado anatambaa. Baba yenu alisema mpaka kufa kwake kwamba Wajaluo walimwiba akiokota kuni. Na wewe kila tukinywa busaa uliniambia, "Nyinyi wezi wa watu." Nami nakujibu, sisi tukiiba tunachagua vizuri, angalia dada yako. Ameguna hapa, lakini ameandika.

Wewe mwenyewe ndiye ulisikia, soko ya Oyugis, mama muuza nyungu akisema kwamba zamani, katika boma ya kina Okelo huko Homa Bay, kulikuwa na mwanamke wa kusaga mtama, ndewe zake ndefu mpaka zinagusa bega. Wajaluo hatuvuti masikio hivyo, hiyo ni kazi yenu Wakuria, sisi tunang'oa meno. Basi nikavaa koti lako, limenipendeza kuliko wewe, nikaenda.

Chacha, ungemwona huyo Okelo. Ameketi ndani ya nyumba na kofia ya jua kichwani. Soksi mpaka goti. Ana baiskeli, haipandi, anaisukuma tu ili watu waone inang'aa. Alinipa kiti kifupi, yeye akakaa kirefu. Nikauliza habari ya Boke. Akasema, "Hapa kwetu hatujawahi kuweka mtumwa. Sisi ni watu wa kanisa." Kama vile hilo kanisa lilikuwa pale baba yake akizaliwa. Halafu akauliza kama nimetumwa na watu wa kupima mashamba. Hapo nikajua anatetemekea nini. Siku hizi serikali inapima ardhi, na anaogopa wajukuu wa mtumwa waje kuomba sehemu. Sehemu ya nini? Ni mawe matupu na mbuzi wanaofanana na mawe. Nikamwambia mimi nimepigana Burma, nimekula nyoka mbichi, siwezi kutishwa na mzee wa soksi. Wewe unajua Burma nilikuwa nachemsha chai.

Lakini nilikuwa nimeshindwa, shemeji. Nilikuwa nimesimama kwenda zangu. Ndipo mke wa mtoto wake akaita huko nje, "Boke, fukuza kuku kwa mtama." Nikageuka. Katoto ka kike, meno ya mbele hayapo, kanakimbiza kuku.

Boke, katika boma ya Wajaluo.

Ulikuwa unaicheka hii mila yetu. Mtoto akilia sana na anakataa ziwa, tunaita majina ya wafu wetu, moja baada ya lingine, na jina atakalonyamazia ndilo lake. Wafu wetu, Chacha. Huwezi kuita mtu ambaye hukuwahi kuishi naye. Nikamwuliza Okelo polepole, "Mzee, huyu amechukua jina la nani?"

Kofia ikatoka kichwani. Akasema mtoto alilia mpaka wakachoka, majina yote ya wakubwa yakaisha, ndipo mama mzee wa Okelo akasema, "Mwiteni yule wa kusaga." Mtoto akanyamaza.

Nikaanza kucheka kwa ushindi, unajua ninavyocheka. Okelo akaningoja nimalize. "Lakini hatukumwiba," akasema. "Mume wake alikuwa amekufa, kulikuwa na njaa. Ndugu wa mume ndiye alimleta hapa kwa mkono wake, akarudi kwao na mtama."

Ndugu ya babu yenu, Chacha. Yule mnayemsifu kwa karamu ati aliokoa ukoo wakati wa njaa. Aliokoa. Sasa unajua alitumia nini.

Nikarudi nyumbani.

Nilipomwambia dada yako hakulia. Alisema, "Twende." Nikabeba gunia la kuletea udongo wake nyumbani, vile ulitaka. Okelo akatuonyesha mahali: nje ya ua wa miti ya minyaa, pale wanafunga ndama, kwa sababu mtumwa hazikwi ndani ya boma. Walikula kwa mikono yake mpaka akazeeka, wakamtoa nje. Nikafungua gunia. Dada yako akanishika mkono. "Nimrudishe kwa waliomtoa kwa mtama?" Halafu akamwambia Okelo, "Shamba yako sitaki. Sogeza ua, awe ndani."

Okelo akataja wazee, akataja wapimaji, akataja hata Biblia. Robi akakaa chini pale kaburini, akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba. Aliimba vibaya sana. Andika hilo pia, Robi. Majirani wakaanza kuja, na wale wa kanisa la Okelo wakauliza huyu mama analilia nani. Mtu wa soksi anaogopa macho kuliko simba. Kabla jua halijashuka tulikuwa tunakata minyaa na kuipanda upande wa pili, mimi huku, Okelo kule, na maziwa ya ile miti yanadondoka kwa soksi zake. Nilifurahi, sitaki kukudanganya.

Sikukuletea udongo, shemeji. Nisamehe hilo tu. Nakuahidi mvua ikianza nitarudi kuona kama minyaa imeshika, na ule mche utakaokauka nitapanda mwingine, Okelo apende asipende.

Basi lala, Chacha. Ukimkuta nyanya, msalimie kwa Kikuria, lakini polepole, amekaa sana na sisi. Na yule aliyerudi na mtama, ukimwona, mpite.

Owuor