Mchumba Aliyemsahihisha Baba Siku ya Ntheo

Mpendwa Mshauri, pole na kazi, nakuomba unisaidie maana usingizi umenihama. Mimi ni msichana wa Mbooni na nimechumbiwa na Kiema, mwalimu wa Kiingereza kutoka Kathonzweni, nampenda kufa, na mwezi jana watu wao walileta mbuzi wa ntheo, na unajua kwetu Ukambani bila mbuzi hao mimi si mke wa mtu hata nikizaa kumi, basi baba, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama kukaribisha wageni na kwa ile furaha akachanganya Kiingereza, akasema amemwandikia mkuu wa tarafa, yule D.O., "memorandums" nyingi kuhusu maji, na Kiema badala ya kunyamaza akainua mkono akasema, "Mzee, si memorandums, ni memoranda," halafu akaendelea na "stadia" na "syllabi", eti ndivyo Kilatini kinavyotaka yakiwa mengi, mpaka mjomba Nzuki akamuuliza, "Na hizi mbuzi, kwa Kilatini zinaitwaje?" watu wakacheka lakini baba hakucheka, akasema, "Huyu amekuja kuoa ama kusahihisha mtihani? Fungueni mbuzi zenu muende nazo," na kweli wakaenda nazo. Sasa Kiema anasema hawezi kuomba msamaha kwa kusema ukweli, na barua niliyomwandikia nikimlilia ameirudisha imejaa kalamu nyekundu. Nifanye nini?

Mumbua, Mbooni

Mumbua mwanangu, pole sana, ingawa nakiri nilicheka kwanza.

Huyo mwalimu wako ana elimu lakini hana adabu. Nimefungua kamusi, na "memorandums" imo, imekaa vizuri kando ya "memoranda". Basi amefukuzwa ukweni kwa kukosoa kosa ambalo halikuwepo! Lugha ambayo wenyewe walikufa zamani imemnyima mke aliye hai.

Baba yako naye asijifanye malaika. Wazee wa Kathonzweni walikuja kunywa chai na kukuposa, hicho Kiingereza kilikuwa cha nani? Lakini ile ni nyumba yake, na mkwe hamkosoi baba mkwe mbele ya wageni, hata akisema mahindi yanaota mizizi juu. Heshima si kitu cha kununua.

Na wewe unanikasirisha. Umerudishiwa machozi yako yamesahihishwa, bado unaniuliza ufanye nini?

Sikiliza. Usimwandikie tena. Mtumie ujumbe kwa mdomo kwamba aje na mjomba wake na mbuzi mmoja wa kuomba radhi, aketi, na baba yako aongee Kiingereza chake mpaka kiishe. Akinyamaza, olewa naye. Akifungua mdomo kurekebisha neno, inuka wewe mwenyewe umfungulie mbuzi wake.

Baba yako amekaa naye mchana mmoja tu yakamshinda. Wewe unaniomba nikusaidie ukae naye mpaka kufa.