Kinga ya Mwisho ya Baba

Kabuta, Nchelenge,
tarehe 9 Agosti 1997

Mupendwa yaya Germaine,

Yambo sana, yaya, dada yangu mukubwa. Habari ya Likasi? Shemeji Valère ni muzima? Kikohozi cha mutoto wenu Emilienne kiliisha? Tangu inchi yenu ibadilishe jina tunasikia maneno mengi ku radio, na roho yangu haitulii mpaka mutu avuke ziwa aseme amewaona, muko wazima. Uniandikie hata mustari mumoja.

Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Bwana yangu Ackson anavua, ila upepo wa mwezi huu ni mukali na siku zingine mitumbwi haitoki. Mutoto Bwalya ameota meno mawili, na la kwanza alilijaribu kwangu wakati wa kunyonya. Nilipiga kelele, yeye akacheka.

Bon. Najua unangojea habari ya Baba. Ujumbe wako ulifika kwa mukono wa yule mama wa Kilwa anayeuza vitenge: kwamba Baba asipande tena kinga, ile baiskeli yake ya samaki, na mimi niliye karibu njo nimukataze. Nilisikia, yaya. Lakini sikufanya hivyo. Soma kwanza mpaka chini, kisha ukasirike kama unataka.

Ulisikia alianguka, lakini hawakukuambia namna. Unakumbuka anavyopakia baiskeli yake: kitunga cha chisense, wale samaki wadogo wakavu, kwa keria ya nyuma, kinapanda mpaka kinapita kichwa chake. Nyuma hakuna tena nafasi ya kupitisha muguu. Wabeba samaki wote wanauinua mbele, juu ya kile chuma kinachotoka kwa kiti kwenda kwa usukani. Miaka yote Baba aliruka hivyo kama kijana. Sasa nyonga ya kuume inakataa. Mwezi wa tano muguu ulikwama juu ya chuma, kinga ikalala na yeye, kitunga kikamufuata. Kuku za watu zilikula chisense mbele ya macho yake, na hakuweza hata kuzifukuza.

Tangu siku ile alikuwa anakaa nyuma ya nyumba. Ukimupa ugali anasema ameshiba. Ndevu hanyoi. Kila mubeba samaki anayepita, Baba anamusimamisha amuulize barabara ya Kawambwa iko namna gani, na yule akiondoka Baba anaangalia chini. Yaya, hii iliniogopesha kuliko kuanguka. Nilimuona Mama katika ugonjwa wake wa mwisho, na Mama alianza hivi hivi, kwa kusema ameshiba.

Kisha juma lililopita akasema atatafuta kinga ingine, kwa kuwa ile ya zamani ilipinda kabisa. «Moja tu,» akasema. «Ya mwisho. Itaniacha ao nitaiacha.»

Kumbe Willy alikuwa amesikia kule Chienge. Jumamosi tunaona gari lake mbele ya nyumba. Unamujua kaka yetu, alianza kusema mbele hajasalimia. Eti chumba cha Baba kiko tayari kwake, kitanda, moustiquaire ya kuzuia mbu, yote. «Baba, utakaa kwa kiti, wajukuu watakuletea maji.»

«Maji ninayo,» Baba akajibu. «Ziwa lote liko hapa.»

Walipigana kwa maneno mpaka majirani wakatoka. Mwisho Willy akasema: «Bon. Panda moja mbele yangu, na muzigo nyuma. Ukiweza, nanyamaza. Ukishindwa, leo unalala Chienge.» Na Baba akakubali pale pale!

Tukaenda kwa Fanwell, yule fundi wa kinga karibu na kivuko. Alikuwa na mbili za kuuza. Moja ndefu, nyeusi, inang'aa, sawa na zile Baba alizopanda maisha yake yote. Ingine fupi, ya wanawake, haina kile chuma cha juu. Ilikuwa ya masista wa misheni, na Fanwell alikuwa ameichomelea vyuma viwili pembeni ya gurudumu la mbele na kuitia matairi manene. Nzito, mbaya kwa kuangalia. Baba aliipita kama vile haipo.

Fanwell hauzi kinga kwa mubeba samaki mbele hajaiona ikienda na muzigo. Alifunga gunia la mihogo kwa keria ya ile ndefu. Mimi nikajiweka upande wa kuume, na Bwalya mugongoni, kwa kuwa nilijua ataangukia wapi. Baba akasukuma, akainua muguu. Ukafika kwa chuma, ukabaki pale. Niliona uso wake, yaya, sitaki kuuona tena. Fanwell akashika Baba, mimi nikashika gunia.

Willy alitoa funguo ya gari mufukoni.

Hapo sijui nguvu nilitoa wapi. Nikasema: «Baba, jaribu ile fupi.»

Wee! Watu wa kivuko walicheka. Mumoja akaita: «Shikulu, babu yetu, leo unaingia kwa masista?» Na mama mumoja wa mihogo: «Mumutafutie na kitambaa cha kichwa!» Baba akaniangalia kwa hasira, nikafikiri atanitukana mbele ya wote. Nikamukaribia, nikasema polepole: «Baba, kwa hii hauinui muguu. Unapita tu, kama mutu anaingia kwake.»

Baba akageukia wale wacheshi: «Masista wote walizeeka juu yake. Hakuna hata mumoja aliyevunjika. Fanwell, funga muzigo!»

«Hapana mihogo,» Willy akasema. «Mihogo haina uoga. Unibebe mimi.»

Na unajua Willy alivyonenepa! Akapanda kwa keria, matairi yakalia. Baba akapitisha muguu katikati, akakaa, akakanyaga. Kinga ikayumba kushoto, ikayumba kuume, ikaenda. Ikashika mutelemuko wa kivuko, wakapotea nyuma ya duka la chumvi. Kisha tukasikia honi ya lori la samaki, ndefu, haikatiki. Bwalya akaanza kulia. Mimi nilisimama kama muti, sikuweza hata kuomba. Nilisema tu: mimi njo nimewaua, mimi njo nilisema ile fupi.

Lori likapanda, likatupita na vumbi. Nyuma yake, hakuna mutu. Kisha usukani. Kisha kofia ya Baba. Anapanda polepole, jasho linatiririka, na Willy nyuma ameshika shati la Baba kwa mikono miwili kama alipokuwa mutoto, kiatu kimoja hana.

Willy alishuka. Anasema lori lilikuja katikati ya njia, na yeye akafunga macho. Baba alishika breki, akaweka miguu yote miwili chini, akasimama kando mpaka lipite. Kwa ile ndefu, yaya, miguu yake isingefika chini. Fanwell naye alisema vile. Willy akarudisha funguo mufukoni, akaenda kutafuta kiatu.

Tulipatana hivi: Baba asiende tena bara, njia ya Kawambwa, aishie Kashikishi, na kitunga kijae nusu tu. Willy alisema, Baba akajibu: «Tutaona.» Wewe unajua «tutaona» ya Baba. Kwa hiyo uoga wangu haujaisha. Ataanguka siku moja, lawama ni yangu, na ninaichukua. Lakini leo asubuhi alinyoa ndevu. Alikula ugali wote, akaomba mwingine, kisha akaenda. Nimekaa kwa mulango na karatasi hii, na kila kengele ya kinga inayopita inaniinua.

Usalimie shemeji Valère, umubusu Emilienne na wadogo zake. Ackson anakusalimia, na Willy pia, ingawa amekasirika kidogo.

Yaya, Baba ameingia sasa hivi. Kitunga kitupu. Nimemuambia ninakuandikia, na kwamba wewe mukubwa wetu umekataza asipande. Amekunywa maji kikombe kizima mbele ya kujibu. Anasema: «Andika. Kama Germaine hataki nipande, akuje yeye mwenyewe kunishusha.» Kisha akageuka, asionekane uso.

Kuja, yaya.

Mungu awafunike pale mulipo, awafungulie njia ya kuvuka.

Mudogo wako anayekubeba rohoni,
Gaëlle